Mwanafunzi wa sheria akibisha hodi kuulizia mirathi

Maswali ya mwanafunzi wa sheria huanza kwa upole. Anabisha hodi, anatoa shikamoo, anakalishwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote sebuleni. Kisha anafungua daftari. "Mama, hati ya kiwanja hiki ina jina la nani? Na baba akitangulia mbele ya haki, nyumba itabaki kwa nani?"

Hapo ndipo mwenye nyumba anapokumbuka kuwa ameacha maharage jikoni.

Katika mtaa kama wa Nkuhungu, swali hilo lina uzito. Nyumba nyingi hujengwa kidogo kidogo: tofali za mwaka huu, bati za mwaka ujao. Mama anauza vitumbua au ana mchezo na wenzake, baba ana mshahara au ufundi wake, na hati, kama ipo, ina jina moja tu. Hakuna anayeuliza mpaka siku ya msiba. Siku hiyo anayeuliza si mwanafunzi, ni shemeji.

Wapo wanafunzi waliosafiri kutoka mbali kufuatilia jambo hili. Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, Marekani, kiliendesha kliniki ya sheria ambamo wanafunzi walishughulikia kesi halisi za haki za wanawake chini ya walimu wao, na kazi hiyo imewafikisha katika nchi kadhaa za Afrika kukusanya ushahidi. Kwa Tanzania, kliniki hiyo ilishirikiana na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, cha Dar es Salaam. Mwaka 2006 jarida la sheria la chuo hicho lilichapisha makala ndefu kuhusu namna sheria za mirathi za Tanzania zinavyowafukarisha wajane na mabinti.

Kufukarisha si sawa na umaskini. Mgeni huambiwa anakwenda nchi maskini, na huenda akarudi kwao na picha za nyumba za udongo. Lakini familia iliyokuwa na cherehani, vyumba viwili vya kupangisha na watoto shuleni haikuwa maskini. Ilifukarishwa katika kikao cha jioni moja. (Kwa hesabu za Benki ya Dunia, Tanzania iliingia uchumi wa kati wa chini Julai 2020. Mjane aliyetolewa nje na shemeji zake haoni hiyo daraja mpya imemsaidia nini.)

Mzizi wa tatizo ni Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kanuni zake za urithi zimepanga warithi kwa madaraja matatu. Mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza yuko juu, wana wengine wa kiume wanafuata, na mabinti wako chini kabisa, wakipata fungu dogo kuliko wote. Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Kanuni inasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Kama watoto wenyewe bado wananyonya, kanuni haisemi nani atamtunza nani.

Wajane wawili wa Shinyanga waliipeleka kanuni hiyo mahakamani. Wenyewe walikuwa mafundi cherehani. Waume zao walipofariki, mali iliingia mikononi mwa ndugu wa mume, na wanawake hao pamoja na watoto wao wadogo wakatolewa kwenye nyumba walizokuwa wakiishi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Hofu yake ilikuwa kwamba ukigusa mila moja, mila za makabila zaidi ya 120 zitafuata mlangoni. Rufaa ilikaa miaka minne, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa kwa kasoro ya kiutaratibu kwenye nyaraka, bila kufika kwenye kiini cha kesi.

WLAC na kliniki ya Georgetown wakawasaidia kulifikisha shauri kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Machi 2015 Kamati ilisema haki za wajane hao zilivunjwa, ikataka walipwe fidia na sheria hizo zirekebishwe. Katika uamuzi huo wanatajwa kwa herufi tu, E.S. na S.C. Kamati si mahakama, haina askari wa kutekeleza. Lakini kazi iliyoanza kwa kumsikiliza mtu mmoja mmoja ilifika huko.

Sasa Nkuhungu. Habari njema, ambayo wazazi wengi hawaijui, ni kwamba kiwanja kilichopimwa mjini si shamba la ukoo. Dodoma mjini ardhi ilisimamiwa kwa miaka mingi na CDA, iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuvunjwa Mei 2017, na hati zake za miaka 33 zikafungua njia kwa hati za miaka 99. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinamtambua mwenza aliyechangia kwa jasho lake hata kama hati ina jina la mwenzake. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo haimruhusu mwenza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwingine.

Pamoja na hayo, mume akifa bila wosia, mahakama huangalia aliishi vipi: kwa mila, kwa dini, au kwa namna nyingine. Mtu aliyeishi mjini miaka thelathini anaweza kurudishwa kwenye mila ya kijijini kwa maneno ya ndugu wawili kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo. Ndiyo maana majina mawili kwenye hati, na wosia ulioandikwa wangali wazima, vina thamani kuliko hotuba za msibani. RITA huandika wosia na kuuhifadhi. Baba anayesema wosia ni kujitabiria kifo aulizwe kwa nini alikata bima ya pikipiki.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake ndiye mwanafunzi mwenye daftari, kuna mengine. Utafiti haufanywi kwa kujitokeza tu mtaani. Mwanafunzi hubeba barua ya utambulisho ya chuo, hupita kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Mtafiti wa kutoka nje ya nchi huhitaji kibali cha COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Nauli, chakula na kuchapisha madodoso hula fedha, kwa hiyo mzazi aulize mapema, asisubiri ujumbe wa saa nne usiku wa "mama nimekwama".

Na amfundishe jambo ambalo darasani hupita haraka: mjane anayesimulia ana shemeji anayeishi nyumba ya tatu. Jina lake lisiandikwe, picha ya nyumba yake isirushwe kwenye kundi la WhatsApp, na mahojiano yasifanyike barazani mbele ya wapita njia. Asiahidi kesi wala fedha asizokuwa nazo.

Mwenye nyumba naye ana haki zake. Anaweza kuomba barua aisome, au mwanawe amsomee. Anaweza kuuliza majibu yake yanakwenda wapi, akakataa swali moja na kujibu lingine, au akaacha katikati. Na kabla mgeni hajafunga daftari, anaweza naye kumuuliza la kwake: "Mwanangu, wewe unayesoma sheria, ofisi ya kubadilisha jina kwenye hati iko wapi, na niende na karatasi gani?"