Kinamasi cha Yala na Lugha ya Ushirika

Katika Kiswahili, neno "kinamasi" hutaja ardhi ya matope na pia ute unaoteleza kama ule wa bamia. Si ajabu basi kwamba mahali panapoitwa hivyo huonekana kuwa pa bure, pa kukaushwa ili palimwe. Wahandisi nao, kwa Kiingereza chao, huiita kazi hiyo kwa neno lenye maana ya kuikomboa ardhi, kana kwamba maji ndiyo yaliyoipora! Mintarafu ya Kinamasi cha Yala, magharibi mwa Kenya, fikra hiyo imegharimu mengi.

Kinamasi hicho, chenye ukubwa wa takriban hekta 17,500, kimo katika kaunti za Siaya na Busia, pale Mto Yala unapokaribia Ziwa Viktoria. Hapo kale maji ya mto yalipenya katikati ya mafunjo, yakaacha tope lake humo, ndipo yakaingia ziwani yakiwa yamechujwa. Katika miaka ya 1960 kazi ya kukausha takriban hekta 2,300 ilianza kwa mitaro na matuta. Mto ukachimbiwa njia nyingine, na Ziwa Kanyaboli likatengwa na kinamasi. Mnamo 2003 mabaraza ya Siaya na Bondo yalikubali kuikodisha kampuni ya Dominion Farms ya Marekani takriban hekta 6,900 kwa miaka 25. Mpunga ulishamiri kwa muda, malalamiko ya mafuriko na ya kupotea kwa malisho yakashamiri vilevile, na kufikia 2018 kampuni ilikuwa imekwisha kufunga virago. Ikumbukwe kwamba Kanyaboli ni miongoni mwa maziwa machache yaliyomhifadhi ngege, samaki aliyekaribia kutoweka katika Ziwa Viktoria. Mafunjo nayo ni makao ya nzohe. Kwa wenyeji ni mikeka, ni paa la nyumba, ni karo ya mwana.

Sheria ya Maji ya 2002, na baadaye ile ya 2016, iliwawezesha wenyeji kuunda vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, vishirikiane na serikali kuutunza mto na kusuluhisha migogoro. Aidha, kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kuyahifadhi mazingira. Swali linaloibuka ni hili: ushirika huo unaendeshwa kwa lugha gani?

Aghalabu mpango wa kulitunza bonde la mto huandikwa kwa Kiingereza, kisha hufafanuliwa kwa mdomo barazani. Mkulima huelezwa muhtasari wa kile ambacho mtaalamu amekwisha kukiandika. Anaweza kuitikia, hawezi kukipinga kifungu kwa kifungu. Anayepokea muhtasari na anayeshika waraka hawajawa washirika.

Hapa kuna atakayesema kwamba lugha za wenyeji ni Dholuo na Lunyala, si Kiswahili. Ni kweli, na mjadala wa kila kijiji uendeshwe kwa lugha ya kijiji hicho. Hata hivyo, maji hayajui mpaka wa lugha. Mlimaji wa upande wa Siaya akifungua mtaro, athari zake huenda zikafika Bunyala, na wawili hao wanapokutana kulumbana kuhusu mtaro huo, lugha inayowapatanisha kwa urahisi ni Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Waraka wa Kiswahili si hisani ya ofisi yoyote.

Lakini wanafunzi wa Kiswahili nao wasijivune mapema. "Ardhioevu" ni istilahi nzuri katika kamusi, ila mvuvi wa Kanyaboli anaweza kuisikia kama alivyokisikia Kiingereza. Kuunda istilahi mezani, mbali na tope, ni kuhamisha ukuta wala si kuubomoa. Wanaosomea tafsiri wana kazi ya kwanza ya kusikiliza: wavuvi na wasusi wa mikeka huitaje njia ya maji, tuta linalovuja, mafunjo machanga?

Mfano mmoja unatosha. Kanuni za maji za 2007 zilitaja ukanda wa kando ya mto wa kati ya mita 6 na 30, kulingana na upana wa mto. Kwa mtaalamu, hicho ni kipimo tu. Kwa mjane mwenye shamba jembamba lililopakana na mto, tofauti ya mita 24 ni mahindi ya mwaka mzima. Akiambiwa ang'oe mimea yake apande miti, ana haki ya kuisoma sentensi hiyo mwenyewe, aulize upana huo ulipimwa wapi, kiangazi au masika, na ni nani aliyeshika kamba.