Dar es Salaam si kontena tu: kijana wa Kongo aende huko na sakado mgongoni

Mkaaji wa Uvira, Kalemie, Bukavu ao Lubumbashi anaijua Dar es Salaam kwa sikio kuliko kwa macho. Anajua kwamba kontena ya jirani imekwama bandarini, kwamba gari la mtumba limeshuka melini, kwamba mama fulani amekwenda Kariakoo kuchukua vitenge. Lakini kwenda Dar es Salaam kwa kutembea tu, bila bidhaa ya kununua, bila mgonjwa wa kupeleka hospitali, bila kuomba hifadhi, wengi wanasema hilo ni jambo la wazungu. Fikra hiyo inawanyima vijana wa mashariki kitu ambacho wana haki nacho kuliko mzungu yeyote.

Tuseme wazi kwa nini jambo hili si la anasa. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Na hata kabla ya hapo, vijana wengi wa Kivu walikuwa wamefunga mizigo mara nyingi, karibu kila mara kwa haraka, na risasi nyuma yao. Mtu anayevuka mpaka kwa kukimbia tu anaishia kuamini kwamba dunia ya ng'ambo ni ya wengine, na kwamba yeye huko ni wa kuhurumiwa ao wa kufukuzwa. Safari ya hiari inavunja imani hiyo. Mfuko ni uleule mgongoni, lakini safari hii mwenyewe ndiye amechagua njia, siku ya kwenda na siku ya kurudi.

Njia yenyewe si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Manyema, kwenye masoko ya Nyangwe na Kasongo, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, kisha ikatembea kwa miguu hadi Bagamoyo, mji wa pwani ulio kilometa 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam. Watu walibeba pembe za ndovu mabegani, na wengi walifungwa minyororo. Katika njia hiyohiyo Kiswahili kilipanda hadi Kongo. Jina Bagamoyo lenyewe lina maelezo mawili: wengine wanasema ni mahali pa mpagazi kutua mzigo na kupumzisha moyo, wengine wanasema ni mahali ambapo mtumwa aliuacha moyo wake kabla ya kupandishwa jahazi. Mkongomani anayesimama pale ufukweni hasomi historia ya watu wengine. Njia hiyo Tanzania imeiandikisha tangu 2006 kwenye orodha ya maeneo inayotaka UNESCO iyatambue kama urithi wa dunia. Upande wa Kongo, watoto wa shule wangapi wanajua kwamba njia hiyo ilianzia kwao?

Dar es Salaam yenyewe ni mji mchanga ukilinganisha na Bagamoyo. Ilikuwa kijiji cha Mzizima, hadi Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuijenga katika miaka ya 1860. Wajerumani wakahamishia makao yao makuu hapo mwaka 1891. Leo, kwa hesabu ya sensa ya 2022, mkoa wake una watu 5,383,728. Makao makuu ya nchi ni Dodoma, lakini feza, muziki na msongamano wa magari vimebaki pwani.

Alama za Kongo ziko kila mahali, kwa anayejua kutazama. Jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika vita vya kwanza vya dunia, vita ambavyo askari na wapagazi wa Kongo walipigana hadi kuichukua Tabora mwezi wa Septemba 1916. Baada ya vita hivyo, kwa mkataba wa 1921, Ubelgiji ilipewa sehemu ya bandari ya Dar es Salaam na ya Kigoma, iliyoitwa Belbase, kwa kodi ya franka moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite. Mpango huo sasa ni historia. Lakini kule Sinza, kituo cha daladala bado kinaitwa Kwa Remmy, kwa heshima ya Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyeingia mji huo mwaka 1978 na kuufanya ucheze hadi kifo chake mwaka 2010. Mji uliompa mtoto wa Maniema kituo cha basi hauwezi kuwa ugenini kabisa.

Msafiri mwenye feza kidogo anaweza kuusoma mji huo kwa miguu. Aanzie Posta, pita kwenye sanamu ya Askari iliyosimama tangu 1927 kukumbuka Waafrika waliokufa katika vita vya wakubwa wa Ulaya. Kutoka hapo si mbali kufika Makumbusho ya Taifa, halafu ateremke hadi soko la samaki la Feri, ambako mnada unapigwa asubuhi kwa kelele kama za soko la Kadutu. Pembeni kuna kivuko cha Kigamboni. Kwa nauli ndogo anavuka pamoja na wafanyakazi, baiskeli na matenga ya nyanya, na ng'ambo anakuta fukwe tulivu. Basi za mwendokasi, zilizoanza 2016 na zenye njia yao peke yao, zinamtoa Kivukoni hadi Kimara bila kukaa saa nzima kwenye foleni. Jioni, Coco Beach, mihogo ya kukaanga na mishkaki. Siku nyingine mashua hadi kisiwa cha Bongoyo ao Mbudya, ao matembezi katika msitu wa vilima vya Pugu.

Kwa mtu aliyelelewa kando ya ziwa, bahari ina mafunzo yake. Ziwa Kivu haliondoki pwani. Bahari inaondoka: maji yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na mtu aliyeacha viatu mchangani saa nne anaweza kuvikosa saa kumi. Wavuvi wanapanga kazi yao yote kwa saa hizo. Hilo halijifunzi mtu kwa kutazama simu.

Halafu kuna lugha. Wakongomani wengi wanaona haya kuhusu Kiswahili chao wanapofika pwani, kana kwamba wamekiiba. Ni kweli watachekwa kidogo. Sombe huko ni kisamvu, lengalenga ni mchicha, na anayemwambia muuzaji "nipe" bila "naomba" anaonekana mkali. Lakini kicheko hicho hakiui. Baada ya siku tatu, muuzaji wa chai anamwita ndugu, anamuuliza habari za vita, na wote wawili wanagundua kwamba wanaelewana bila mkalimani. Mzungu mwenye sakado kubwa na kitabu cha mwongozo hana bahati hiyo.

Wako watakaosema: hii ni hadithi tamu kwa mtu aliyeshiba. Wana sababu. Pasipoti ya Kongo iliuzwa dola 185 kuanzia mwaka 2015, na hata baada ya bei kushushwa chini ya dola 100, bado ni feza nyingi kwa walimu wengi. Safari kwa reli ya zamani, iliyofika Kigoma tangu 1914, inachukua siku karibu mbili na uvumilivu mwingi. Treni mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imeishia Dodoma kwa sasa. Anayetoka Lubumbashi ana njia ya Zambia na reli ya Tazara, ndefu na yenye kuchelewa.

Wengine watasema Dar es Salaam nayo si salama. Ni kweli kwamba baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 watu waliuawa, intaneti ikakatwa na wakaaji wakakatazwa kutoka usiku. Ni kweli pia kwamba wezi wa simu wapo Kariakoo, kama walivyo kwenye soko lolote kubwa. Msafiri anapaswa kuuliza habari za mji kabla ya kuondoka, kukwepa mikusanyiko ya siasa, na kutopiga picha za bandari na majengo ya serikali. Lakini kijana aliyekulia Kivu hahitaji kufundishwa tahadhari. Anaijua tangu utotoni.

Kuna na mambo madogo yanayowaangusha Wakongomani bure. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, kwa sababu Tanzania inaidai kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 2019, hata kwa wageni. Na dola, ambayo kwetu inalipia kila kitu, huko hailipii tena duka wala gesti: kanuni za 2025 zinakataza kulipana kwa feza za kigeni ndani ya nchi. Abadilishe shilingi kwanza, kwenye ofisi inayotambulika, akachukue risiti.

Kazi iliyobaki ni ya viongozi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na itifaki ya soko la pamoja inazungumzia uhuru wa watu kusafiri, si uhuru wa kontena peke yake. Wabunge wa mashariki waulize kwa nini mzigo wa shaba unafika Dar es Salaam kwa urahisi kuliko mwanafunzi. Pasipoti ishuke bei kwa wanafunzi. Maofisa wa mpakani waache kumwona kila kijana mwenye mfuko kuwa mkimbizi ao chanzo cha feza ya soda. Vyuo vikuu vya mashariki, vinavyofundisha historia ya Bagamoyo kwa kitabu, vipange kuwapeleka wanafunzi wao mahali penyewe amani itakaporuhusu, na watakaporudi waandike walichokiona.

Vijana nao wasingoje yote hayo. Wawili ao watatu waweke feza pamoja kidogo kidogo, waulize waliotangulia, wapange juma moja la konje. Wazee walikwenda pwani wamebeba pembe za watu wengine. Wajukuu wao wanaweza kwenda wamebeba nguo zao tu, na kurudi nyumbani kwa miguu yao wenyewe.