TUZUNGUSHE UMBO KABLA YA KUKARIRI KANUNI

Walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, kuna jambo katika somo la Hesabu ambalo yafaa tulizungumze waziwazi. Ni ile mada ya kusogeza, kuzungusha na kuakisi maumbo kwenye karatasi ya grafu.

Mwulize mwanafunzi vile pembetatu huzungushwa nyuzi 90 kinyume cha mwendo wa saa. Atakujibu upesi kama kasuku: "(x, y) huwa (-y, x)!" Naam, ni sahihi. Lakini mwulize kwa nini. Kimya! Tena mwambie azungushe kitovu kikiwa (2, 1) badala ya (0, 0), uone atakavyotapatapa. Nukta (1, 1) ataipeleka (-1, 1), ilhali mahali pake ni (2, 0). Kwani kanuni aliyoikariri ni ya kitovu (0, 0) pekee, na hakuna aliyemwonyesha hivyo.

Maoni yangu ni kwamba tuanze na mikono. Chora pembetatu yenye ncha A (1, 1), B (4, 1) na C (4, 3). Weka juu yake karatasi nyepesi, uinakili. Kisha ibane kwa ncha ya penseli pale (0, 0), uizungushe robo. A itaangukia (-1, 1), B (-1, 4), na C (-3, 4). Sasa pima. AB ilikuwa vipimo 3, bado ni 3. BC ilikuwa 2, bado ni 2. Umbo limehama tu, halikupanuka wala kunywea. Ukishaona hivyo kwa macho yako, kanuni yaja yenyewe.

Kuakisi nako kuna siri yake. Hapo kuzungusha karatasi hakutoshi, sharti uipindue. Ndiyo sababu neno ambulensi huandikwa kinyumenyume mbele ya gari la wagonjwa, ili dereva aliyetangulia alisome sawasawa kwenye kioo chake.

Isitoshe, hata historia yaniunga mkono. Euclid, takriban mwaka 300 K.K., alithibitisha usawa wa pembetatu mbili kwa kuiweka moja juu ya nyingine, bila grafu yoyote. René Descartes alichapisha kitabu chake cha kuunganisha jiometri na aljebra mwaka 1637, yaani miaka 1,900 na zaidi baadaye. Umbo lilitangulia, nambari zikafuata. Mbona sisi twaanzia mwisho?

Wapo watakaosema ati huo ni mchezo wa watoto wa chekechea, na mtihani haungoji. Sikatai, kanuni ni njia ya mkato na kwenye mtihani twaihitaji. Lakini njia ya mkato humfaa anayejua aendako. Wangapi kati yetu wamechanganya (-y, x) na (y, -x), wakapata sufuri, kisha wakajiambia Hesabu si ya watu kama wao? Hilo ndilo linaloniuma. Si akili walizokosa, ni karatasi na penseli.

Basi walimu, tupeni kipindi kimoja tu cha kuzungusha na kupindua kabla ya kanuni kuandikwa ubaoni. Nasi wanafunzi tusione haya kuuliza "kwa nini". Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika Hesabu, mimi nasema aonyeshwe.