Funguo za Tovuti ya Shule Ziko Mfukoni mwa Nani?

Jioni ya siku ya kufungua shule, mzazi mmoja alinipigia simu, sauti yake ikiwa kati ya kicheko na hasira. "Mwalimu," aliniuliza, "shule yetu imeanza lini kuchezesha kamari?" Alikuwa ameketi na mwanawe wakitafuta orodha ya mahitaji ya bweni. Waliandika anwani ya tovuti kama ilivyochapishwa kwenye barua ya shule, wakakutana na gurudumu la bahati nasibu na maandishi ya kuwaalika waweke fedha. Sikuwa na jibu la haraka, kwa kuwa tovuti ile niliijenga mimi.

Niliijenga mwaka 2021. Shule zetu hapa Uganda zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani hadi Januari 2022. Nilitaka wanafunzi wangu wapate mahali pa kusoma muhtasari wa masomo ya Kiswahili na kuona insha zao zikichapishwa. Nilijifundisha kutumia WordPress, programu isiyolipiwa, usiku baada ya usiku, kwenye kompyuta iliyokuwa ikizimika kila nilipogusa waya wake. Nikasajili anwani inayoishia kwa .com kwa jina langu, baruapepe yangu na nambari yangu ya simu, kisha nikalipia miaka mitatu kwa mpigo. Nilijiona mzalendo.

Baadaye simu yangu iliibwa nikishuka kwenye matatu jijini Kampala. Kurejesha laini kulihitaji barua ya polisi na safari mbili tatu. Nikaona ni usumbufu, nikanunua laini mpya. Tangu siku hiyo baruapepe ile ilinifungia mlango, kwa sababu kila nilipojaribu kuingia ilituma tarakimu za uthibitisho kwenye nambari niliyokwisha kuiacha. Onyo la kwamba muda wa anwani unakwisha lilikwenda huko huko.

Watu wengi hudhani kwamba anwani ya tovuti hununuliwa kama kiwanja. La, hukodishwa. Muda ukipita bila kulipiwa, hufuata kipindi cha kuikomboa, ambacho kwa anwani za .com ni siku 30 na ada yake ni kubwa zaidi. Baada ya hapo huachwa wazi kwa yeyote. Wapo wafanyabiashara wanaovizia anwani za namna hiyo, hasa zile ambazo watu wamekwisha kuzizoea. Aliyeichukua yetu hakuvunja kufuli wala hakuiba. Alilipa tu, nasi hatukulipa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba katika kipindi hicho hicho shule yetu ilipata mkuu mpya, na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa makabidhiano. Tulihesabu vitu kwa siku mbili: madawati, magodoro, mipira, mhuri, funguo za ghala, hata majembe mawili yasiyo na mipini. Kila kitu kiliandikwa na kutiwa sahihi. Hakuna aliyetaja tovuti, nami nikiwa na kalamu mkononi sikuitaja. Ningeulizwa siku ile, ningesema bila haya kwamba tovuti "iko kwangu", kana kwamba mali ya umma inaweza kuwa kwa mtu.

Hapo ndipo naona kosa letu kama raia. Tumezoea kwamba mhuri ni wa ofisi na kiti ni cha ofisi, lakini nywila ni ya yule kijana anayejua kompyuta. Vivyo hivyo kwa baruapepe: afisa anaweza kubandika mlangoni anwani yake binafsi ili wananchi wapeleke malalamiko, na siku akihamishwa, malalamiko huhama naye. Vyama vya akiba na mikopo, makanisa, misikiti na kamati za maji vimo katika mkumbo huo. Aliyekuja kucheza kamari kwenye jina letu angeweza vilevile kuweka nambari ya simu na kuwaambia wazazi walipie karo hapo. Wangapi wangelipa kabla ya mmoja kupiga simu?

Najua pingamizi litakalotolewa na mafundi. Wengi wao hufanya kazi kwa ahadi ya "tutakuona", na nywila huwa ndiyo dhamana pekee waliyobaki nayo. Siwalaumu. Taasisi isiyolipa fundi haina uso wa kumdai funguo. Imlipe kwanza, kwa stakabadhi, halafu idai kila kitu.

Bodi yetu sasa imesajili anwani mpya inayoishia kwa .sc.ug, ambayo imetengwa kwa ajili ya shule. Imesajiliwa kwa jina la shule, na baruapepe ya usajili ni ya ofisi. Nywila zimo ndani ya bahasha iliyofungwa katika sanduku la fedha, na tarehe ya kulipia imo katika kalenda ya mhasibu. Katika kitabu cha makabidhiano, tovuti imepewa mstari wake chini ya majembe. Nilimwomba mkuu wa shule iandikwe juu zaidi, akacheka.

Insha za wanafunzi nyingi zimepotea. Niliziokoa chache kutoka hifadhi ya Internet Archive, ambayo kwa bahati ilikuwa imenakili baadhi ya kurasa zetu. Kwenye lango la shule, mchoraji amekwisha kuifuta anwani ya zamani. Sweta za kidato cha nne bado zinayo, imefumwa mgongoni kwa uzi wa manjano, na wazazi wamekataa kununua nyingine kabla ya mtihani wa mwisho.