Ahadi ambayo mzazi hapaswi kuitoa kwenye safari ya chui milia

Ahadi ni deni, na mtoto ni mdai asiyesahau. Mzazi akimwambia mwanawe wa miaka minane kwamba likizo ya Desemba watakwenda India "kumwona chui milia", mtoto hasikii kwamba wanakwenda kumtafuta. Anasikia kwamba chui milia yupo mahali fulani anawasubiri, na kwamba picha itapigwa. Kuanzia siku hiyo anawatangazia wenzake shuleni, anachora michirizi myeusi kwenye daftari na kuhesabu siku.

Fedha ya mzazi inaweza kununua tiketi, chumba, gari na dereva. Haiwezi kumnunua mnyama wa porini atokee barabarani saa moja asubuhi. Ndiyo maana maandalizi ya safari hii yana sehemu mbili: kupanga safari yenyewe, na kupanga matarajio ya watoto. Wazazi wengi huikamilisha ya kwanza na kuisahau ya pili.

Familia za Afrika Mashariki zinazofika India si chache. Wapo wanaosindikiza wagonjwa, wanaofuata biashara, wenye ndugu huko, na wazazi wanaokwenda kwenye mahafali ya vijana wao waliosoma vyuo vya huko. Baadhi huamua kuongeza siku nne au tano za mbuga, na familia mbili tatu zikiungana gharama hupungua.

Si chui wa Serengeti

Kwanza watoto waelezwe ni mnyama gani huyo. Chui wa Afrika ana madoa. Chui milia, ambaye wengine humwita simbamarara, ana michirizi, ni mkubwa zaidi, na hayupo katika pori lolote la asili la Afrika. Karibu robo tatu ya chui milia wote wa porini duniani wako India.

Idadi yao ina historia ya kumfaa mtoto. Mwaka 1973 serikali ya India ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuwalinda, unaojulikana kama Project Tiger, ukianza na hifadhi tisa. Hata hivyo ujangili uliendelea, na hifadhi ya Sariska, kisha ya Panna, zikabaki bila chui milia hata mmoja, ikabidi wahamishiwe wengine kutoka kwingine. Makadirio ya mwaka 2006 yalitaja 1,411 nchi nzima. Mwaka 2018 walikuwa 2,967, na mwaka 2022 makadirio yakafika 3,682. Ni mafanikio makubwa, lakini wanyama hao wametawanyika katika hifadhi zaidi ya 50 za nchi kubwa mno. Ukizigawanya namba hizo, unaelewa kwa nini mtu anaweza kuzunguka msituni asubuhi nzima asimwone hata mmoja.

Familia iliyozoea Mikumi, Serengeti au Maasai Mara inahitaji onyo zaidi. Simba huishi kwa makundi, mara nyingi kwenye nyasi za wazi, na gari likipita wanaendelea kulala. Chui milia huishi peke yake, isipokuwa mama mwenye watoto. Makazi yake ni msitu, vichaka vya mianzi na nyasi ndefu, na michirizi yake imeumbwa kumficha humo humo. Anaweza kuwa hatua 20 kutoka garini na asionekane. Mtaalamu wa wanyama George Schaller aliwachunguza chui milia katika hifadhi ya Kanha miaka ya 1960, kisha akaja Serengeti kuwachunguza simba. Mtoto akisikia kwamba mtu mmoja aliifanya kazi hiyo kwa miaka katika mabara mawili, ataelewa kwamba siku tatu za familia yake ni chache.

Kundi dogo, na hesabu ya viti

Katika hifadhi nyingi za India wageni hupanda magari ya aina mbili. Moja ni gari dogo la wazi, maarufu kama Gypsy, lenye nafasi ya wageni sita, dereva na mwongoza watalii. Jingine ni Canter, ndiyo hiyo hiyo inayobeba mizigo Kariakoo, ila imefungwa viti vipatavyo 20. Canter ni nafuu, lakini ina kelele, na mtoto akichoka au akitaka kusogea, watu wengine kumi na tano wanahusika. Kwa familia yenye watoto, gari dogo ni bora hata kama siku za safari zitapungua.

Hapo ndipo hesabu ya viti inapokuja. Familia ya watu wanne ina nafasi mbili za ziada: bibi na shangazi, au rafiki na mwanawe. Familia mbili za watu watatu zinajaza gari moja sawasawa. Lakini kundi la watu kumi linahitaji magari mawili, na hifadhi hizo zimegawanywa katika kanda zenye malango tofauti. Magari mawili ya kundi moja yanaweza kupangiwa kanda mbili. Jioni mezani, watoto wa gari la kwanza wamemwona chui milia, wa gari la pili wameona tausi. Wazazi wakubaliane mapema kwamba aliyemwona atasimulia bila kutamba, na kwamba kesho kanda zikiwezekana zitabadilishwa.

Vibali na majina

Idadi ya magari kwa kila kanda ina kikomo, na vibali hukatwa mtandaoni wiki au miezi kabla. Siku za sikukuu ya Diwali, Krismasi na mwaka mpya huisha mapema. Kila mgeni, hata mtoto, huandikishwa kwa jina na namba ya pasipoti, na langoni hati hukaguliwa. Jina lililokosewa linaweza kumwacha mama nje watoto wakiingia. Mzazi mmoja apewe kazi ya kuhakiki majina ya wote kabla ya malipo.

Ajue pia siku za mapumziko. Kanha, Bandhavgarh na Pench hazina mzunguko wa Jumatano mchana, na Tadoba hufungwa Jumanne. Kwa familia yenye siku tatu tu, kosa hilo dogo linakula sehemu kubwa ya safari.

Nyaraka nyingine ni viza, ambayo huombwa mtandaoni, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zilizo kwenye orodha ya India. Cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa, hivyo si kazi ya kuamkia siku ya safari. Daktari aulizwe pia kuhusu dawa za kinga ya malaria, hasa kwa watoto.

Likizo ya shule na majira ya India

Kanda kuu za hifadhi nyingi za kaskazini na kati mwa India hufungwa kwa ajili ya mvua kuanzia Julai hadi Septemba. Chui milia huonekana zaidi Aprili na Mei, maji yanapokauka na wanyama kulazimika kufika kwenye madimbwi machache yaliyobaki. Lakini joto la miezi hiyo hupita nyuzi 40, na gari halina paa. Mtoto mdogo hafurahii chochote katika joto hilo.

Desemba, ambayo ndiyo likizo ndefu ya shule, hali ya hewa mchana ni nzuri. Ila majani bado ni mengi na maji yapo kila mahali, hivyo mnyama hana sababu ya kujitokeza. Asubuhi za Kanha wakati huo huwa na baridi kali, hata umande kuganda, na upepo wa gari la wazi huongeza ukali. Sweta mbili, kofia ya sufu, glavu na soksi nene si anasa. Mtoto anayetetemeka hamtafuti chui, anatafuta kitanda.

Kuhusu mahali, mji wa Nagpur uko karibu na Pench na Tadoba, na kutoka hapo hata Kanha hufikika kwa gari. Anayetokea Delhi anaweza kupanda treni hadi Sawai Madhopur, kituo kilicho jirani na hifadhi ya Ranthambore. Familia yenye siku chache ichague hifadhi moja na kutulia hapo. Kurukaruka kati ya hifadhi tatu ni kuwafanya watoto waione India kupitia kioo cha gari.

Mizunguko mingapi?

Kuna mzunguko wa asubuhi na wa mchana, kila mmoja wa saa tatu hadi nne. Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba nafasi ya kumwona chui milia katika mzunguko mmoja ni moja kati ya tatu. Anayekwenda mara moja ana uwezekano mkubwa wa kutomwona. Anayekwenda mara nne, uwezekano wa kutomwona kabisa unashuka hadi karibu asilimia 20. Unashuka, hauishi. Familia moja kati ya tano za namna hiyo itarudi bila kumwona, na haitakuwa imefanya kosa lolote.

Kwa hiyo mizunguko minne ni kiwango cha chini chenye maana. Hata hivyo mtoto wa miaka mitano hawezi kuamshwa saa 11 alfajiri siku nne mfululizo. Wazazi wapokezane: mmoja aende na wakubwa, mwingine abaki na mdogo hotelini. Na wakala anayetangaza kwamba chui milia ataonekana "asilimia mia" aogopwe. Mkweli atataja idadi ya mizunguko, jina la kanda, na kama gari ni la familia peke yake.

Mtoto aambiwe nini

Badala ya "tutamwona", neno sahihi ni "tutamtafuta". Tofauti yake ni kwamba mtoto anapewa kazi. Kutafuta kuna dalili zake, na dalili hizo zipo karibu kila siku: nyayo kwenye vumbi la barabara, mikwaruzo ya kucha kwenye magome ya miti, na sauti za wanyama wengine.

Sauti ndizo zinazowasisimua watoto zaidi. Kima wa uso mweusi aitwaye langur hukaa juu ya mti akila na kudondosha majani na matunda. Chini yake husimama chital, mnyama wa jamii ya paa mwenye madoa meupe, akiokota. Kima anaona mbali, chital ananusa vizuri, na mmoja akihisi hatari humtahadharisha mwenzake. Langur akibweka kama anayekohoa, mwongoza watalii huzima gari na wote kusikiliza. Sambar, paa mkubwa wa kahawia, akipiga sauti yake nzito, matumaini huongezeka. Dakika kumi hizo za ukimya, watoto wameshika pumzi, ni sehemu kamili ya safari hata kama hakuna kinachotokea.

Daftari dogo lenye orodha ya vitu kumi litasaidia: langur, chital, sambar, tausi ambaye ni ndege wa taifa wa India, ng'ombe mwitu aitwaye gaur, dubu, mbwa mwitu wa Asia, nyayo, kichuguu, na mwisho kabisa chui milia. Mtoto anayeweka alama kwenye vitu saba kati ya kumi hajioni ameshindwa. Na aambiwe jambo moja la kweli: chui milia mwenyewe, anapowinda, hukosa mara nyingi kuliko anavyopata.

Ndani ya gari

Sheria ni chache: hakuna kushuka, hakuna kupiga kelele, hakuna kutupa chochote. Baadhi ya hifadhi haziruhusu kabisa simu za mkononi, hivyo mzazi aulize kabla ya kufika langoni.

Kishawishi kikubwa ni cha watu wazima. Siku ya tatu bila chui, baba humwinamia dereva na kumwahidi bakshishi nono akimpata. Dereva naye ana familia. Anakimbiza gari, anajipenyeza kati ya magari mengine, na mnyama aliyekuwa akielekea majini anazibiwa njia. Madereva na waongoza watalii wamewahi kusimamishwa kazi kwa mambo ya namna hiyo, huku mgeni aliyewasukuma akiwa amesharudi kwao. Watoto walio kiti cha nyuma wanaona yote. Bakshishi itolewe kwa uendeshaji wa utulivu na maelezo mazuri, na dereva aambiwe hivyo siku ya kwanza.

Wasipomwona

Ikitokea, mtoto atalia au atanuna. Aachwe anune kidogo, kwa sababu huzuni yake ni ya kweli. Asidanganywe kwamba chui alikuwa nyuma ya kichaka, na mwongoza watalii asitupiwe lawama mbele yake. Swali zuri la jioni ni: "Leo ulisikia nini?" Mtoto aliyemsikia langur akibweka ana hadithi ya kumpelekea bibi yake.

Mazungumzo hayo huwa mepesi kama watu wazima wenyewe walikuwa wameshajiandaa. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi ya kwanza, familia zinazokwenda pamoja ziulizane waziwazi: tusipomwona chui milia, bado tutasema safari ilikuwa nzuri? Wakijibu ndiyo, wakate vibali. Wakisita, fedha hiyo ibaki benki kwanza, watoto wapelekwe Mikumi au mbuga ya Nairobi wajifunze kukaa kimya garini kwa saa tatu. India haihami.