Mbegu Zimelala, Kilima Kinaondoka

Kati ya Lubumbashi na Kolwezi vipo vilima ambavyo msitu wa miombo umevikwepa. Udongo wake umejaa shaba, na miti haiuvumilii. Hata hivyo vimevikwa nyasi na maua: aina zaidi ya 500 za mimea, na zaidi ya 30 kati yake hazimei penginepo duniani. Mmoja, Haumaniastrum katangense, huota hata pale mababu walipoyeyushia shaba, nao wataalamu wa mambo ya kale huufuata kama alama.

Leo kilima chenye shaba ni kilima cha kuchimbwa. Kwa hiyo mbegu za mimea hiyo zimekusanywa, na nyingine zimehifadhiwa katika bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji. Mbegu hukaushwa kwanza, maana maji yakigandia ndani yake huiharibu. Kisha hutunzwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Hivyo zaweza kulala makumi ya miaka na bado zikaota.

Kazi hiyo naisifu. Ninachokataa ni kuigeuza kibali: bomoeni, mbegu tunazo. Zikiamka zitapandwa wapi? Udongo uliokwisha kupakiwa katika malori, hakuna jokofu liwezalo kuurudisha. Kabla tingatinga la kwanza halijapanda kilimani, kampuni ionyeshe sehemu itakayoachwa bila kuguswa. Nasi tuishio karibu tuulize mipaka yake iko wapi.