Karo ya chuo kikuu isitegemee huruma ya mtandaoni

Kila mara barua za kujiunga na vyuo vikuu zinapotoka, simu zetu hujaa picha za aina moja. Kijana amesimama mbele ya nyumba ya udongo, barua ya chuo mkononi, na chini ya picha kuna nambari ya Paybill. Tunatuma mia mbili, wengine elfu moja, kisha tunasambaza ujumbe kwenye makundi mengine ya WhatsApp. Pesa zikitimia tunashangilia. Tunaambiana kwamba harambee ingali hai, imehamia tu mtandaoni, na kwamba siku hizi mtoto mwenye bidii hawezi kukosa chuo kwa sababu ya umaskini.

Si kweli, na kuamini hivyo kunatuumiza.

Sina neno na anayetoa, wala na anayeomba. Mzazi aliyeambiwa alipe ndipo mwanawe asajiliwe ana haki ya kubisha kila mlango. Ninachopinga ni sisi kuufanya mlango huo wa dharura kuwa lango kuu la elimu ya juu, tena kwa kutumia jina la harambee.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakulima wa kahawa wa Nyeri walichanga ili taasisi ya ufundi yenye jina la Dedan Kimathi isimame. Magharibi mwa Kenya nako wananchi walichanga wakaanzisha chuo kilichojulikana kama WECO. Leo ile ya Nyeri ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na WECO, kilichoko Kakamega, ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wazee wale walijenga kitu cha wote. Mjukuu wa mtu ambaye hakutoa hata ndururu anasoma humo, na mtoto atakayezaliwa mwakani atasoma humo pia. Mchango wa mtandaoni humlipia mmoja, mara nyingi kwa muhula mmoja, halafu watu wanasahau. Kuuita harambee ni kuwavunjia heshima wazee wale.

Wengine hunijibu kwa kumtaja Tom Mboya na mpango wake wa kuwapeleka wanafunzi Marekani kwa ndege. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ilipeleka wanafunzi 81 Marekani, na kufikia 1963 karibu 800 walikuwa wamekwenda. Familia na vijiji vilichanga nauli, Harry Belafonte na Jackie Robinson wakasaidia kutafuta pesa kule, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alikwenda kwa mpango huo mwaka 1960. Lakini tazama ulivyoendeshwa. Vyuo vya Marekani vilitoa nafasi za ufadhili, wanafunzi walipimwa kwa masomo yao, na shirika maalumu lilibeba jukumu la kuwasafirisha. Tena mpango ulihitajika kwa sababu serikali ya mkoloni haikutaka kuwapa Waafrika wengi elimu ya juu. Tulipopata serikali yetu, tulianzisha vyuo vikuu vya Nairobi, kisha Moi, Kenyatta, Egerton na Maseno, ili elimu ya mtoto wetu isitegemee kiti cha ndege. Anayeutumia mpango wa Mboya kutetea Paybill anaturudisha kwenye shida ambayo mpango ule uliletwa kuitatua.

Na mtandao unamchagua nani? Humchagua aliyepata A na anayetaka kuwa daktari. Huwachagua wenye mjomba Marekani, kwa kuwa tovuti ya michango ya GoFundMe haimruhusu mtu aliye Kenya kupokea pesa moja kwa moja. Lazima kuwe na ndugu ughaibuni wa kufungua ukurasa kwa jina lake. Humchagua anayejua kusimulia, aliye na simu nzuri, aliyebahatika picha yake kuonwa na mtangazaji maarufu. Msichana aliyepata C+ akaitwa kusomea kilimo, na ambaye kwao hakuna mtandao wa maana, hana hadithi ya kuuza. Na hata yule aliyepata A, mhisani wake humwona akiwa mwaka wa kwanza. Shahada ya udaktari huchukua miaka 6. Nani husambaza picha ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyezuiwa kufanya mtihani? Hapo hakuna barua mpya ya kushika mkononi, hakuna mama wa kububujikwa na machozi mbele ya kamera. Wengi huacha masomo hapo, kimya, na hatuwahesabu.

Halafu kuna aibu tunayowavika. Bodi ya mikopo, HELB, nayo humuuliza mwanafunzi maswali ya umaskini wake, lakini majibu hukaa kwenye faili. Mtandaoni kijana huanika ugonjwa wa mamake, kifo cha babake, nyumba yao na nambari yake ya simu mbele ya watu asiowajua. Siku atakapoomba kazi akiwa na miaka 30, picha ile ingali pale. Hatuna haki ya kumtoza mtoto maskini bei hiyo ambayo mtoto wa tajiri halipi.

Wanaopumua kwa sababu ya ukarimu wetu ni wenye wajibu wa kulipa, yaani serikali. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka. Baadaye serikali ikaahidi kubeba asilimia 80 ya gharama ya kila kozi, lakini ilipofika 2022 ilikuwa inapeleka karibu nusu tu, na vyuo vya umma vikazama katika madeni ya mabilioni. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya wa kugawa wanafunzi kwa makundi kulingana na uwezo wa familia. Familia nyingi zilijikuta kwenye makundi yasiyofanana na hali yao, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Kila tunapoziba pengo la mtoto mmoja kwa Paybill, na gazeti likaandika kwamba wasamaria wema wamejitokeza, pengo la maelfu wengine halionekani tena.

Imani hii katika michango ya mtandaoni sasa inaingia hata kwenye utafiti. Tovuti ya Experiment, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2012, huwaomba watu wa kawaida kuchangia miradi ya sayansi, na wapo wanaowashauri wanafunzi wetu wa uzamifu kufuata njia hiyo. Lakini tazama muda ambao utafiti huchukua: chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa maabara mwaka 1987. Kati ya 2009 na 2014 ilijaribiwa kwa watoto wapatao 15,000 katika nchi saba za Afrika, wakiwemo wa Kilifi, Korogwe na Bagamoyo. Watoto wa Homa Bay walianza kuipata mwaka 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi Oktoba 2021. Hiyo ni zaidi ya miaka 30. Ni umati upi wa mtandaoni ungechangia katika miaka yote ile ambayo hapakuwa na habari ya kusisimua? Na konokono anayeeneza kichocho kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, nani atamtolea pesa kwa kuguswa na picha yake? Sheria yetu ya sayansi ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa itengwe kwa ajili ya utafiti. Hatujawahi kufika hapo. Deni hilo ni la serikali, lidaiwe serikalini.

Kwa hiyo ukiletewa Paybill nyingine, toa ukiweza. Kama ulisoma chuoni na una zaidi, peleka kwenye mfuko wa chuo unaosimamiwa wazi, unaosaidia kwa kupima shida bila kudai picha, na unaomfuata mwanafunzi hadi mwaka wa mwisho. Kama chuo chako hakina mfuko wa namna hiyo, kidai kiuanzishe. Kisha mwandikie mbunge wako umuulize ni pesa ngapi zimetengewa HELB na vyuo vikuu mwaka huu, na kwa nini zinachelewa. Kwa kawaida bajeti husomwa Juni, na Katiba inakupa haki ya kutoa maoni kabla haijapitishwa. Peleka maoni hayo, na usambaze nakala kwenye makundi yale yale ya WhatsApp.